Mvutaji Apangwe au Aachwe Benchi? Mjadala wa Kibiti Kuhusu Sigara na Pumzi

Hoja inayojadiliwa: kijana anayevuta sigara asipangwe katika timu ya mpira ya kata, kwa kuwa moshi umekwisha kumpunguzia uwezo wa mwili. Wasemaji ni Kocha wa timu ya kata wilayani Kibiti, Mvuvi wa delta ya Rufiji, Tabibu wa zahanati na Mkulima wa mpunga.

KOCHA: Hoja hii haihusu maadili ya mvutaji, ambayo yana wenyewe misikitini na majumbani, inahusu dakika 20 za mwisho za mchezo. Mchezaji wa kiungo huweza kupita kilomita 10 katika dakika 90, na ugumu wa umbali huo ni kwamba haukimbiwi kwa mwendo mmoja, bali mtu huchomoka, husimama, hugeuka na kuchomoka tena kabla pumzi haijamrudia. Mvutaji huonekana mzima kipindi cha kwanza, pengine akawa bora kuliko wenzake kwa sababu ya kipaji, lakini mpira unapogeuka ghafla dakika ya 75 hukutwa ameshika magoti. Timu haina sababu ya kumpa nafasi moja kati ya 11 mtu ambaye pumzi yake huisha kabla ya mchezo kwisha, ilhali benchini ameketi kijana asiyevuta.

MVUVI: Mwalimu anawapima watu kwa filimbi, wakati huku chini watu hupimwa kwa maji. Anayetoka Salale au Mbwera kufuata kamba husukuma mtumbwi kwa pondo akishindana na mkondo, huvuta jarife lililolowa, na maji yakipwa kabla hajafika hushuka akausukuma huohuo mtumbwi juu ya tope. Mkata boriti naye hutembea ndani ya mikoko, matope yakimfika magotini, mti mbichi ukiwa begani. Wamo wavutaji wengi miongoni mwa watu hao, na wamo waliovuta tangu ujana hadi kuitwa babu. Kama moshi ungekuwa unaondoa nguvu kwa kiasi kinachodaiwa, delta ingekuwa imekwisha kukosa wavuvi, na kamba wa Rufiji wasingefika kwenye meza za Dar es Salaam.

TABIBU: Anachokisema Mzee kuhusu nguvu za watu wa delta ni kweli, ila kinajibu swali jingine. Mwili una mwendo wa kazi, na una kilele. Mwendo wa kazi ni ule ambao mtu aliyeuzoea tangu utotoni huweza kuudumisha kutwa, kwa sababu hutumia sehemu tu ya uwezo wake na humruhusu kupunguza kasi pumzi inapombana. Kilele ni kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mapafu, moyo na misuli vinaweza kukichukua na kukitumia kwa dakika moja, nacho ndicho wataalamu wa mazoezi wanachokihesabu kuwa kipimo kikuu cha stamina. Moshi huanza kwa kushusha kilele, hivyo mtu aweza kuvuta miaka 10 huku akiendelea kusukuma pondo, asijue kwamba nafasi iliyokuwepo kati ya kazi yake na mwisho wa uwezo wake imekuwa ikipungua.

Namna moshi unavyofanya hivyo inafahamika. Tumbaku inayoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini, yaani ile protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Katika damu ya asiyevuta, sehemu ya hemoglobini iliyotekwa na gesi hiyo huwa kama asilimia 1. Kwa mvutaji wa kila siku aghalabu huwa kati ya asilimia 3 na 8, na anayevuta sana huzidi hapo. Hata hemoglobini iliyosalimika huwa nzito kuiachia oksijeni inapofika kwenye misuli. Wakati huohuo nikotini, kiini cha tumbaku kinachotengeneza uraibu, huharakisha mapigo ya moyo na kubana mishipa midogo ya damu. Kijana wa miaka 20 ambaye moyo wake huweza kufika mapigo 200 kwa dakika, akianza mbio ukiwa tayari unapiga 80 mahali pa 65, ameanza akiwa ametumia mapigo 15 kabla ya kupiga hatua.

MVUVI: Asilimia 8 ni kitu kidogo mbele ya homa. Watu wa bonde hili hupungukiwa damu kwa malaria, kwa minyoo na kwa kichocho, na Bwana Tabibu huwaona kila wiki vijana waliotoka kuugua wakihema kwa kutembea tu kutoka barabarani hadi zahanati, wala hawajawahi kushika sigara. Kwa nini sigara ibebeshwe mzigo wa mbu na konokono?

TABIBU: Kwa sababu mizigo hiyo hupandana. Damu yenye gramu 15 za hemoglobini katika kila desilita huweza kubeba mililita 20 hivi za oksijeni. Malaria ikiishusha hemoglobini hadi gramu 10, uwezo huo hubaki mililita 13 na kitu. Kaboni monoksidi ikiteka asilimia 8 ya hizo, hubaki mililita 12 na kitu. Mzima hupunguziwa katika wingi, naye mgonjwa wa jana hupunguziwa katika uchache, na uzito wa asilimia ileile hauwi sawa kwa wote wawili. Mtu anayeishi penye mbu wengi ana sababu zaidi ya kuihurumia hemoglobini yake kuliko anayeishi kwenye baridi ya Njombe au Makete.

KOCHA: Jambo hili halikuachwa kwenye hesabu za damu, kwani lilipimwa uwanjani. Mwaka 1968 daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, Kenneth Cooper, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya vijana wa jeshi hilo waliotakiwa kukimbia kwa dakika 12, kisha umbali wa kila mmoja ukapimwa. Wavutaji walipita umbali mfupi kuliko wasiovuta, na umbali huo ulizidi kufupika kadiri idadi ya sigara ilivyoongezeka. La kumhuzunisha mwalimu wa michezo ni lililofuata: baada ya wiki kadhaa za mazoezi yaleyale, chini ya wakufunzi walewale, faida ya wavutaji ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao. Maana yake ni kwamba jasho la mvutaji hulipwa nusunusu. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 1995, uliowafuatilia wanaume 1,393 wa umri wa makamo kwa miaka saba, nao ulionyesha stamina na nguvu ya mapafu vikishuka haraka zaidi kwa wale walioendelea kuvuta.

MVUVI: Wanajeshi wa Marekani walikuwa na pakiti mfukoni. Huku sigara hununuliwa moja moja dukani, ikavutwa na wawili, na mtu akipata tatu kwa siku hujihesabu amevuta. Kumpima mtu wa sigara tatu kwa kipimo cha mtu wa pakiti si haki. Tena, kama ni mambo ya uwanjani, watazamaji wa mpira wanamfahamu Sócrates, nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la mwaka 1982, aliyekuwa daktari kwa taaluma na mvutaji kwa mazoea. Na wanamfahamu Johan Cruyff wa Uholanzi, aliyevuta huku akiwa mchezaji bora wa Ulaya. Je, makocha wao wangewaacha benchi?

KOCHA: Mfano wa Cruyff ungefaa kuachwa na anayetetea sigara. Mwaka 1991, akiwa kocha wa Barcelona na umri wake ukiwa miaka 43, alifanyiwa upasuaji wa moyo, akaacha kuvuta, kisha akakubali kuonekana katika tangazo la idara ya afya ya Katalunya akipiga danadana pakiti ya sigara na kuitupa mbali kwa teke. Alifariki Machi 2016 kwa saratani ya mapafu. Zaidi ya hayo, mwenye kipaji kama kile hucheza kwa macho na akili, mpira ukamfuata alipo. Timu ya kata imejaa vijana wa kawaida, ambao tofauti kati yao na wapinzani ni kukimbia tu, na asiye na kipaji cha Sócrates hana mahali pa kuufidia moshi.

TABIBU: Kuhusu sigara tatu, Mzee ana haki ya kudai kipimo chake, na ni kweli kwamba madhara hupungua idadi inapopungua. Lakini hayapungui kwa ulinganifu, kwani mishipa ya damu hudhurika hata kwa moshi kidogo, na ndiyo sababu hata anayekaa chumba kimoja na mvutaji hupatwa na maradhi ya moyo zaidi ya asiyekaa naye. Tena anayevuta sigara moja nusu saa kabla ya mchezo huingia uwanjani akiwa na njia za hewa zilizobanwa. Mtu aliyetulia huingiza hewa kama lita 6 kwa dakika, naye anayekimbia kwa nguvu huweza kupita lita 100. Kizuizi ambacho hakihisiki kwa lita 6, kwa lita 100 huwa kazi ya ziada, na misuli ya kupumulia hula oksijeni ambayo miguu ilikuwa ikiingojea.

MKULIMA: Mjadala umefika mbali, na moshi ulio mwingi kuliko wote Kibiti haujatajwa. Mwanamke wa Ruaruke au Mlanzi hupika kwa kuni asubuhi na jioni, aghalabu ndani ya jiko lisilo na dirisha, mtoto akiwa mgongoni. Msimu wa mpunga ukifika huhamia dunguni, yaani kwenye kile kibanda cha miguu mirefu kinachojengwa shambani kwa ajili ya kuwinga ndege na nguruwe, na huko pia moto hauzimwi kwa sababu ya mbu. Wako wanaokausha samaki kwa moshi, wako wanaochoma mkaa unaokwenda Dar es Salaam. Ikiwa kaboni monoksidi hutoka kwenye tumbaku inayoungua, hutoka pia kwenye kuni zinazoungua. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuwauliza wanawake pumzi zao zimebaki kiasi gani, pengine kwa kuwa kubeba ndoo ya maji kichwani hakuna kikombe cha ushindi. Kama Mwalimu anakusudia kumwacha benchi mwenye moshi mapafuni, aanze kwa kuuliza nani kalala kwenye nyumba ya jiko la ndani.

TABIBU: Mama amesema jambo ambalo wataalamu wa mapafu walichelewa kulitilia maanani. Moshi wa kuni una gesi ileile, na una vumbi laini mno, ambalo hupita vinyweleo vya kusafisha njia ya hewa na kutua ndani kabisa, kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia damuni. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 30 aweza kupata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa bila kugusa sigara. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku ya aina yoyote ni asilimia 14.6 ya wanaume watu wazima na asilimia 3.2 ya wanawake. Kwa hiyo anayehesabu wavutaji pekee huhesabu zaidi moshi wa wanaume, na mapafu ya wanawake humpita.

KOCHA: Hakuna anayeupinga uzito wa jambo hilo, ila lina tofauti ambayo hoja yote inaitegemea. Kijana hakuchagua jiko la mama yake, lakini sigara ameichagua. Timu haiwezi kumwadhibu mtu kwa umaskini wa nyumbani kwao; inaweza kudai kwamba asijiongezee kwa hiari yake mzigo ambao wenzake watamsaidia kuubeba uwanjani.

TABIBU: Neno hiari linahitaji kupimwa. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, ambao katika kifungu cha 16 unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja, kwa kuwa uuzaji huo ndio unaomwezesha mtoto mwenye sarafu chache kuanza. Aliyeanza akiwa na miaka 14 kwa sigara ya dukani, ubongo wake ukazoea nikotini kabla haujakomaa, akifika miaka 19 huvuta kwa sababu arosto inamsumbua, yaani ule uchu unaokuja na hasira na kukosa utulivu anapokaa bila kuvuta. Kumwondoa kwenye timu ni kumwondolea kitu kimoja ambacho kingeweza kumsaidia, kwani majaribio mengi yameonyesha kwamba hata dakika 10 za kutembea kwa haraka hupunguza uchu wa sigara kwa muda. Hapa zahanati haiwezi kusimama upande mmoja na Mwalimu.

MVUVI: Ni vyema kusikia Bwana Tabibu akimwambia Mwalimu apunguze ukali, lakini si lazima mvutaji ageuzwe mgonjwa ndipo atetewe. Mtu anayekesha na nyavu usiku wa bamvua huvuta ili macho yasifumbe, baridi isimwingie na njaa isimvunje kabla ya alfajiri. Hata wakubwa wa michezo wanalijua hilo. Shirika la dunia la kupambana na dawa zinazokatazwa michezoni, WADA, limeiweka nikotini katika orodha ya vitu vinavyofuatiliwa tangu mwaka 2012, na hakuna anayefuatilia kitu kisichosaidia chochote.

TABIBU: Limeiweka kwenye kufuatiliwa, halijaikataza, na sababu yake kuu ni wanamichezo wanaoitumia bila moshi, kama wale wa nchi za baridi wanaoweka tumbaku chini ya mdomo. Nikotini huamsha, hilo halikanushwi. Baridi ni jambo jingine, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya ngozi, hivyo vidole vya mvutaji hupoa zaidi hata kama mwenyewe anajihisi amepata joto. Na njaa iliyofukuzwa kwa sigara haikushibishwa. Msuli uliovuta jarife usiku kucha hulala bila kulipwa chakula chake.

KOCHA: Tabibu ametaja dakika 10 za kutembea, lakini akaishia kwenye neno ‘kwa muda’. Tafiti zilizowafuatilia wavutaji kwa miezi 6 na zaidi hazijathibitisha kwamba kuongeza mazoezi kwenye msaada wa kawaida huwafanya wengi zaidi waache moja kwa moja. Kwa hiyo timu inaombwa kubeba dawa ambayo haijathibitika, na gharama yake itawaangukia watoto wanaosimama kando ya uwanja. Watoto hao humwiga mfungaji wa mabao. Nchini Kenya kampuni ya sigara ya BAT imeuza kwa miaka mingi sigara iitwayo Sportsman, na aliyechagua jina hilo alijua mwanamichezo humvuta nani. Kata ambayo mfungaji wake bora huwasha sigara baada ya filimbi ya mwisho inafanya kazi hiyo bila malipo.

MVUVI: Basi asiwashe hadharani, mambo yaishe.

MKULIMA: Hayaishi hapo, kwa sababu kuna mwezi mmoja ambao wavutaji wa Kibiti hawawashi hadharani wala faraghani tangu alfajiri hadi magharibi. Mwezi wa Ramadhani mvuvi huyuhuyu anayesema hawezi kukesha bila sigara hukaa saa 13 na zaidi bila moshi, bila maji na bila chakula, na nyavu huvutwa vilevile. Wake zao wanalijua jambo hili kuliko zahanati. Kukohoa kwa asubuhi hupungua kwa wengine ifikapo kumi la pili, kisha Idi ikiandama hurudi kama kulivyokuwa.

TABIBU: Hesabu inakubaliana na Mama. Kaboni monoksidi hupungua kwa nusu katika damu kila baada ya saa 4 hadi 6, hivyo ifikapo saa kumi na moja jioni mvutaji aliyefunga huwa na damu inayokaribia kuwa kama ya asiyevuta, na hemoglobini yake imerudi kwa mwenyewe. Kilichobaki ni makohozi, njia za hewa zilizovimba na kasoro za miaka, ambazo huhitaji wiki na miezi. Shirika la Afya Duniani husema mzunguko wa damu na kazi ya mapafu huanza kuwa bora kati ya wiki 2 na 12 baada ya kuacha. Tatizo ni kwamba wengi hukimbilia sigara kabla ya uji wa futari, na usiku ule hurudisha karibu yote yaliyopatikana mchana.

MVUVI: Ramadhani ina nia, na nia haiuzwi dukani wala haigawiwi na zahanati. Mtu huacha kwa ajili ya Mola wake. Asidhani Mwalimu kwamba ataacha kwa ajili ya fulana ya timu.

KOCHA: Na hakuna anayedai fulana iwe na daraja hilo. Lakini lililothibitika ni kwamba mwili unaweza, na kutoweza ndiko kulikokuwa utetezi wa mwisho uliobaki wa wavutaji. Kanuni iwe hivi: mbio za dakika 12 zikimbiwe wiki moja kabla ya Ramadhani na wiki sita baada ya Idi, wavutaji na wasiovuta kwa pamoja, na nafasi zigawiwe kwa umbali wa mara ya pili. Atakayevuta akashinda, apangwe.

MVUVI: Kanuni hiyo inakubalika, kwa sharti kwamba Mwalimu asibadili maneno pale mvutaji atakapompita kijana wake wa benchini.

TABIBU: Inakubalika nusu. Itampa nafasi mwenye mapafu imara aliyebahatika, na kumwacha yule aliyepunguza kutoka sigara 10 hadi 2 akashindwa kwa mita 50. Ingefaa kipimwe kilichoongezeka kati ya mbio ya kwanza na ya pili, ili aliyeacha aone faida ya kuacha kwake.

KOCHA: Timu ya kata hucheza na timu nyingine. Wapinzani hawatauliza nani ameongezeka.

MKULIMA: Na mbio hizo zitawapima wavulana pekee? Uwanja ni wa kata, na kata ina wasichana wanaopika kabla ya kwenda shule. Kabla ya kugombania umbali na ongezeko, Mwalimu aseme kama majina yao yataandikwa kwenye orodha ya mbio ya kwanza, na Tabibu aseme nani atawapima mama zao.